Namna ya kula supu asubuhi kwenye banda lililojaa watu Mbeya

Vyuo vikifunguliwa, au mtu akihamishiwa kazi Mbeya, maswali huwa yaleyale. Naagizaje? Nalipa kwanza au nikishakula? Nikiomba kuongezewa supu nitalipishwa? Mbona mwenzangu kapewa mbavu nzuri na mimi nimejaziwa mapupu, yaani mapafu? Nimeyakusanya yote hapa ili kesho asubuhi uingie kwenye banda la supu Mwanjelwa, Kabwe, Soweto au Uyole ukiwa unajua unachofanya, ule ushibe na uwahi kazini. Utaratibu ni huohuo ukiwa Ipogolo pale Iringa, Mafinga, Makambako au Tunduma. Kinachobadilika ni bei na salamu.

Ninazungumzia banda lenyewe hasa: mabenchi ya mbao, meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki, masufuria mawili matatu juu ya mkaa, gogo la kukatia nyama, basi. Menyu hakuna. Mhudumu wa kukuuliza mara mbili unataka nini hakuna. Watu wanakaa, wanakula, wanainuka, na mzunguko huo ndio unaofanya supu iwe ya moto na nyama isilale.

Kabla ya yote shika hili moja: kwenye supu unanunua nyama, mchuzi unafuata nyama. Bei inapangwa na kipande ulichokatiwa. Kwa hiyo kazi yako kubwa iko pale kwenye gogo, kabla hujakaa. Wageni wengi hukimbilia benchi, kisha wanangoja waletewe, kisha wanalalamikia walicholetewa.

Vya kuwa navyo

- Noti ndogo. Noti ya elfu kumi alfajiri inamsimamisha muuzaji atafute chenji wakati watu kumi wanamngoja. Mabanda mengi siku hizi yana lipa namba, ila angalia salio lako kabla hujaagiza, usigundue ukishashiba.
- Sweta au jaketi, hasa Juni na Julai. Jiji liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za miezi hiyo joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Banda huwa wazi pande mbili au tatu, upepo unapita.
- Leso au tishu. Supu ya moto, pilipili na baridi vikikutana, pua haitulii.
- Muda wa kutosha. Fika kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi. Ukifika saa 5 utakuta mifupa na mchuzi uliokwisha kuongezwa maji.

Jua vipande kabla hujafika kwenye gogo

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tukae kidogo.

*Nyama ya kawaida* ya ng'ombe, ambayo wengi huiita steki hata kama haijawahi kuwa steki, inashibisha lakini haina mengi ya kusema. Mchuzi wake ni mwepesi. Ni chaguo la mtu mwenye haraka.

*Mbavu za mbuzi* ndizo ninazomshauri mtu anayeanza. Zina nyama, zina mafuta ya kiasi, zina mfupa wa kushikia, na harufu ya mbuzi aliyechemshwa na chumvi tu ni kitu cha kumwamsha mtu. Ukipata kipande chenye gegedu ndogo mwishoni, usiiache.

*Makongoro* ni miguu ya ng'ombe. Hakuna nyama ya kutafuna sana, kuna mishipa na ngozi laini inayoteleza, na mchuzi wake ni mzito, unanata kwenye midomo. Kwa asubuhi ya baridi ya Mbeya sijui supu inayoishinda hii. Ila iwe imeiva. Kwenye mwinuko huu maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 94, hayafiki 100, kwa hiyo kongoro linahitaji moto wa muda mrefu kuliko pwani. Muuzaji anayejua kazi yake analibandika tangu usiku. Ukiona mfupa unaachia wenyewe anapolinyanyua, limeiva. Ukiona anavuta kwa kisu na ngozi inarudi kama mpira, agiza kingine.

*Utumbo* una sehemu zake: taulo, yenye vinyweleo, na kitabu, chenye kurasa kurasa. Kitabu kinahitaji kuoshwa kwa makini, maana uchafu hujificha katikati ya zile kurasa. Omba afungue uone. Hakuna muuzaji mzuri atakayekasirika.

*Ulimi* ni laini na huisha mapema. *Nyama ya kichwa* ina mchanganyiko mzuri ikiwa unapenda mafuta. *Mapupu* ni mepesi, yanajaza bakuli haraka, na ndiyo sababu usipotaja kipande unaweza kuyakuta mengi. *Maini* yakikaa sana kwenye sufuria huwa makavu kama unga, kwa hiyo yaagize asubuhi sana au yaache.

Kuku wa kienyeji na samaki huwa na sufuria zao. Bei ya kuku iko juu na hukatwa kwa vipande, kwa hiyo uliza kabla.

Hatua kwa hatua

1. Chagua banda kwa kuangalia wanaokula. Ukiwakuta bodaboda, wapagazi wa sokoni, makondakta na watu wa ofisini kwenye benchi moja, umefika. Kisha kagua mambo matatu ukiwa umesimama: sufuria inachemka, yaani inatokota na siyo kutoa mvuke tu, nyama iliyoopolewa imefunikwa, na maji ya kunawa yanatiririka kutoka kwenye ndoo yenye koki au jagi, siyo beseni moja la kuchovya mikono ya kila mtu. Kimoja kikikosekana, nenda banda la pili. Yapo mengi.

2. Salimia. Mama mwenye banda ni shikamoo, hata kama ameinamia moto na anaitikia bila kugeuka. Kijana wa rika lako anayekata nyama, "mambo" au "habari za asubuhi" inatosha, na ukimwambia "ugonile" naye ni Mnyakyusa, atakutazama vizuri zaidi. Iringa na Njombe ni "kamwene." Usifike ukaanza na "nipe." Mtu huyu ameamka wakati wewe umelala.

3. Jua nafasi yako kwenye foleni. Foleni ya banda la supu haijanyooka. Watu wanalizunguka gogo. Uliza tu, "Nani wa mwisho?" Ukishamjua, mwangalie yeye, akimaliza ni zamu yako. Ukichelewa kusema zamu ikifika, aliye nyuma yako ataagiza, na hatakuwa amekukosea.

4. Tazama, onyesha, taja pesa. Nyama huagizwa kwa pesa: ya elfu mbili, ya elfu tatu, ya elfu tano. Mpangilio wa maneno unaosaidia ni mnyama, pesa, kipande, halafu chapati. Mfano: "Kaka, naomba mbuzi ya elfu tatu, mbavu, na mfupa mmoja. Chapati mbili." Kama huna uhakika, onyesha kipande chenyewe kwa kidole, ila usikiguse.

   Atakitoa kwa uma mrefu, akiweke kwenye gogo, apige kisu mara nne tano, akusanye vipande kwa ubapa wa kisu hadi kwenye bakuli, achote mchuzi kwa upawa amwagie juu. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Nafasi yako ya kusema "hapana, hicho kina mafuta mengi" ni kabla kisu hakijashuka. Kikishashuka, kipande ni chako.

   *Kosa la kawaida:* kuuliza "kuna nini?" wakati kila kitu kiko mbele yako. *Kosa la pili:* kusema "yoyote tu." Ukisema yoyote utapewa kile kisichochaguliwa na wenzako.

5. Uliza utaratibu wa kulipa hapohapo. "Nalipa sasa au baadaye?" Mabanda ya stendi hupenda kulipwa kabla, maana wateja hukimbilia magari. Ya mtaani hungoja umalize. Usibahatishe.

6. Nawa. Sabuni, maji, mikono yote miwili, hata kama utatumia kijiko, kwa sababu mfupa utaushika tu na chapati utaichana kwa mkono. Asubuhi za baridi mabanda mazuri huweka maji ya uvuguvugu. Nawa haraka, anayekufuata amesimama.

7. Kaa palipo wazi. Meza ni ya wote. Unasema, "Samahani, hapa kuna mtu?" Utajibiwa "karibu," nawe unaingia hadi mwisho wa benchi ili anayekuja asikuruke. Ukikuta wanaokula, "karibuni" watakayokuambia ni ya heshima. Jibu "ahsante" au "mle vizuri," usichote. Begi weka mapajani au chini ya miguu. Kumwekea nafasi rafiki ambaye bado yuko kwenye daladala ni kuwaonea waliofika.

8. Onja kwanza. Supu nyingi hupikwa na chumvi kidogo kwa makusudi, ili kila mtu ajikadirie, lakini siyo zote. Chukua kijiko kimoja cha mchuzi mtupu. Halafu chumvi kwa kubana na vidole au kwa ncha ya kijiko, koroga, onja tena. Limao linafuata: kamulia nusu ya kipande, siyo chote, maana ukali wa limao huwezi kuutoa ukishaingia, na mbegu zizuie kwa vidole. Pilipili iwe ya mwisho. Kama ni pilipili kichaa nzima, ibonyeze kwa kijiko pembeni mwa bakuli mara moja, ionje, kisha iondoe au iache kulingana na ulivyojaliwa. Ukiipasua katikati ya mchuzi, bakuli lote limekwenda. Na vidole vilivyoshika pilipili visikaribie macho mpaka unawe kwa sabuni.

9. Anza na mchuzi, usianze na nyama. Hili ni la nyanda za juu hasa, na wageni kutoka Dar es Salaam au Tanga hulipuuza. Mafuta ya ng'ombe na mbuzi huganda upesi kwenye baridi. Ukianza kuhangaika na mfupa, ndani ya dakika chache utaona utando mweupe umetanda pembeni mwa bakuli, kijiko kimekuwa na ngozi, na kaakaa lako limepakwa nta. Kunywa nusu ya mchuzi ukiwa wa moto kabisa, halafu ndiyo urudi kwenye nyama. Kwa sababu hiyohiyo, usiagize soda ya baridi na supu ya mbuzi. Agiza chai ya rangi yenye tangawizi, au maji ya moto. Majani ya chai yanalimwa Rungwe na Mufindi, jirani kabisa, na kikombe cha moto hukata mafuta kuliko kitu chochote.

10. Chapati ichane kidogo kidogo. Chovya kipande, kula, chana kingine. Ukiitumbukiza yote inakunywa mchuzi wako na kubaki uji. Kama chapati imepikwa usiku na imekakamaa, omba ipashwe kwenye kikaango, ni sekunde chache. Wasiopenda chapati waulize ndizi za kuchemsha; za Rungwe zikiwa bado za moto zinakwenda na makongoro vizuri mno, na zinakaa tumboni hadi mchana. Viazi vya kuchemsha navyo hupatikana, na ukikutana na muuza parachichi mlangoni, nusu moja na chumvi inatosha kugeuza supu ya elfu mbili kuwa mlo kamili.

11. Omba kuongezewa wakati bado una nyama. "Dada, naomba niongezee supu kidogo." Kuongezewa mara moja ni kawaida na hakulipiwi mabanda mengi. Mara ya pili omba ukiona hajabanwa. Ila ukiwa umebakiza bakuli tupu na chapati mkononi, hapo unaomba chakula kingine bila kukilipia, na ukikataliwa usinune. Peleka bakuli mwenyewe kwenye sufuria badala ya kumwita kutoka mwisho wa benchi; utapata mchuzi wa moto zaidi, na pengine kipande cha mfupa juu yake.

12. Mifupa iweke kwenye sahani, lipa, inuka. Usiitupe chini ya meza, mbwa watakuja na ugomvi wao katikati ya miguu ya watu. Kama hukulipa mwanzo, taja ulichokula bila kungoja kuhesabiwa: "Mbuzi ya elfu tatu, chapati mbili, chai moja." Chapati nyingi ni shilingi 500, lakini bei hupanda, kwa hiyo ulizia siku ya kwanza. Mazungumzo na simu ndefu yahamishie nje. Kuna mtu amesimama na bakuli la moto mkononi anatafuta pa kukaa, na vidole vinamuungua.

Mambo yakienda vibaya

*Nyama ni ngumu.* Rudisha mapema, ukiwa umetafuna kipande kimoja, siyo vitatu. Sema kwa upole, "Kaka, hii bado haijaiva, nibadilishie." Muuzaji wa kudumu atabadilisha, maana anakutaka kesho. Akikataa, kula mchuzi, lipa, usirudi. Kelele hazitaivisha nyama.

*Kipande ni kidogo kuliko pesa.* Sema kwenye gogo, kabla hujaondoka: "Ongeza kidogo, bosi." Mara nyingi ataongeza kipande cha mapupu au utumbo. Pokea. Ukishakaa na ukaanza kula, madai hayo hayana nguvu.

*Pilipili imekuzidi.* Maji hayasaidii, na chai ya moto inazidisha. Tafuna chapati kavu polepole, au omba maziwa kama yapo. Kisha ongezewa mchuzi ili ukali upungue.

*Mchuzi hauna ladha.* Angalia saa. Ikiwa ni saa 4 imepita, sufuria imeongezwa maji mara kadhaa, hakuna tiba. Ikiwa bado mapema, umechotewa juu. Omba upawa wa chini, karibu na mifupa.

*Huli kitimoto, yaani nguruwe, au unataka kujua nyama imechinjwaje.* Mbeya kitimoto kinaliwa sana, na ingawa kwa kawaida huuzwa sehemu yake, usikisie. Uliza kabla ya kuagiza: "Hapa mnauza na kitimoto?" Kama jibu ni ndiyo, angalia iwapo kisu na gogo ni vilevile. Swali hili huulizwa kila siku na halimkwazi mtu. Likimkwaza, nenda kwingine.

*Tumbo lako halijazoea.* Usianze na makongoro wala kichwa. Anza na nyama ya kawaida, engua mafuta yanayoelea kwa kijiko, na acha pilipili kwa siku za mwanzo.

*Uko safarini na basi linapiga honi.* Makambako na Mafinga hili hutokea sana. Muulize kondakta dakika ngapi kabla hujashuka. Chini ya dakika 15, usichukue supu kabisa. Chukua nyama bila mchuzi na chapati, vifungwe kwenye karatasi, ule ndani ya gari. Bakuli la supu ya moto haliingii kwenye basi.

*Unataka kupeleka nyumbani.* Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo njoo na chombo chako, hotpoti au ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana. Omba nyama na mchuzi vitenganishwe kama una vyombo viwili. Ukifika nyumbani mafuta yatakuwa yameganda juu. Yapunguze kwa kijiko ukipenda, kisha chemsha hadi itokote kabisa, siyo kupasha moto tu. Limao na pilipili utie baada ya kuepua.